Ripoti Iliandikwa kwa Ajili ya Nini?

Ghala likiungua, zimamoto wakiondoka huingia mkadiriaji hasara aliyetumwa na kampuni ya bima. Hupiga picha, huhoji walinzi, huandika ripoti. Mwenye bima akinyimwa fidia na kwenda mahakamani, anachokitaka kuliko chochote ni ripoti ile. Kampuni nayo hujibu kwamba ni siri yake na wakili wake.

Mahakama za Uingereza zimeukata ubishi huu kwa kuuliza lengo la karatasi kabla ya kugusa yaliyomo. Kipimo chenyewe kilitoka relini. Mwaka 1976 mfanyakazi wa British Railways Board alifariki vichwa vya treni vilipogongana. Mjane wake akaomba ripoti ya uchunguzi wa ndani. Shirika likakataa, na kweli ripoti ilikuwa na kichwa kilichosema imeandaliwa kwa ajili ya wakili wa shirika. Kilichoangusha hoja hiyo ni hati ya kiapo ya upande huohuo wa shirika: ilikiri kwamba walitaka pia kujua chanzo cha ajali kwa usalama wa reli. Katika Waugh v British Railways Board, 1979, Baraza la Malodi likaamua kwamba kinga ya kutoitoa ripoti hupatikana pale tu kesi inapokuwa ndiyo lengo kuu. Malengo mawili yakilingana uzito, ripoti hutolewa. Kipimo hicho walikiazima kwa Jaji Mkuu Barwick wa Australia, ambaye kwao, katika Grant v Downs ya 1976, wenzake hawakumuunga mkono.

Kwa watu wa bima hapo palinuka hatari. Wao huchunguza kwanza ili wajue kama watalipa, na hilo ni jambo la biashara kabla halijawa la kesi. Re Highgrade Traders, iliyochapishwa 1984, iliwaokoa. Moto ulizuka, bima wakashuku mwenye mali kauwasha mwenyewe, wakaagiza ripoti za wataalamu. Kampuni ya mwenye mali ilipofilisika, mfilisi akazidai. Mahakama ya Rufani ikaona malengo hayo hayatenganishiki: anayeshuku hivyo, akikataa kulipa, anajua atashtakiwa, kwa hiyo kuamua na kujiandaa ni kitendo kimoja.

Naikubali hoja hiyo pale shaka ilipokuwapo tangu siku ya kuagiza. Siikubali inapovutwa hadi kwenye dai la kawaida la gari lililokwaruzwa, ambako mkadiriaji alitumwa kwa mazoea na wakili akaitwa miezi kadhaa baadaye. Tarehe ya barua ya kumtuma ina uzito kuliko muhuri wa “siri” uliogongwa juu ya ripoti.

Lakini lengo la nani? Guinness Peat Properties v Fitzroy Robinson Partnership, 1987, ilijibu. Wasanifu majengo waliwaandikia bima wao kuarifu madai dhidi yao, kama mkataba ulivyowataka. Mwandishi huenda alikuwa akitimiza sharti tu. Mahakama ikatazama kwa nini bima walitaka barua za namna hiyo, ikaipa kinga. Tatizo ni kwamba barua ilishachanganywa kimakosa na nyaraka zilizofunguliwa kwa mdai, na mtaalamu wa mdai akaisoma. Kwa kuwa kosa lilikuwa wazi kwa yeyote aliyeishika, mdai alizuiwa kuitumia, ingawa kilichomo alikwisha kukijua.