Ukungu Katika Picha na Haki ya Mhakiki

Kuhukumu ni kazi nyepesi kwa mwenye haraka, na nzito kwa mwenye haki. Mwenye haraka hutazama kitu mara moja, akakisifu au akakilaumu, akaenda zake. Mwenye haki hutazama mara ya pili na kuuliza: kasoro hii imezaliwa wapi? Nitalieleza jambo hili kwa picha nne zilizotundikwa ukutani katika chuo cha walimu ninachofundisha mjini Garissa. Zote zilikuwa na ukungu. Nami nilizilaumu zote kwa neno moja, na katika moja nilidhulumu.

Picha hizo zilipigwa na wanachuo kwa kamera kuukuu ya filamu, ya aina yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Lenzi ya juu ni jicho la mpiga picha. Ya chini ndiyo iandikayo juu ya filamu. Filamu yake, iitwayo 120, hutoa picha 12 za mraba, kila upande karibu sentimita 6. Eneo hilo ni zaidi ya mara tatu ya eneo la picha ya filamu ndogo ya milimita 35. Kwa hiyo mtu hutarajia kuona kila unywele na kila uzi. Matarajio yakiwa makubwa, lawama nazo huwa kubwa.

Picha ya kwanza ni ya ngamia katika soko la mifugo. Ukilitazama jicho lake utaona kwamba nukta ya mwanga imevutika ikawa mstari mfupi. Mawe yaliyo chini yana mistari hiyo hiyo, na nguzo ya ua pia. Yote imeelekea upande mmoja. Lau ngamia peke yake angekuwa na mistari, tungesema yeye ndiye aliyetikisika. Lakini nguzo haitembei. Ni mkono ulioitikisa kamera. Dawa yake ni kuruhusu mwanga uingie kwa muda mfupi zaidi, au kuisimamisha kamera juu ya miguu mitatu.

Picha ya pili ni ya mwuza maziwa. Uso wake una ukungu, lakini kibao cha duka kilicho nyuma yake kinasomeka herufi kwa herufi. Hapa hakuna kilichotikisika. Lenzi ililengwa nyuma ya mtu. Ukimpiga mtu aliye umbali wa mita moja, na tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, sehemu iliyo wazi huwa na kina cha sentimita chache tu. Kosa hili likitokea mara moja, ni la mpiga picha. Likijirudia katika kila picha, huenda lenzi mbili za kamera hazipatani. Tulijaribu: tulipanga madumu matano ya maji kwa mshazari, tukalenga la tatu. Filamu iliposafishwa, dumu la tatu ndilo lililokuwa wazi kuliko yote. Kamera ikaachiliwa huru.

Picha ya tatu ni ya daraja la mto Tana, iliyopigwa kwa mbali saa saba mchana. Vichaka vilivyo karibu ni wazi, bali daraja linaonekana kama linaelea katika maji yachemkayo. Hewa yenye joto iliyopanda kutoka ardhini ndiyo iliyolipinda, kama inavyofanya katika mazigazi. Hapana lenzi inayoweza kuishinda hewa hiyo. Dawa yake ni kuamka alfajiri.

Picha ya nne ni ya kikongwe aliyeketi mlangoni mwa nyumba yake. Mwanachuo aliyeipiga alimwita ayeeyo, yaani bibi, kwa lugha ya Kisomali. Uso wote ulikuwa laini kama sufi. Hapakuwa na mstari, wala mahali palipo wazi, mbele au nyuma. Niliandika nyuma ya picha, “Mpiga picha hakuwa makini,” nikampa alama ndogo. Mwanachuo aliinamisha kichwa asijibu, kwa kuwa mwalimu alikwisha kusema.

Miezi michache baadaye kikongwe yule alifariki dunia. Jamaa zake hawakuwa na picha yake nyingine ila ile ndogo ya kitambulisho, wakaomba nakala. Niliitoa negativu, nikaiinua mbele ya dirisha na kuitazama kwa kioo cha kukuzia. Makunyanzi ya kope yalikuwapo. Nyuzi za shali zilikuwapo. Nikaitazama picha ya karatasi kwa kioo kile kile: hata chembe za filamu, ambazo hazina budi kuonekana picha ikikuzwa vizuri, zilikuwa zimeyeyuka. Basi kamera haikukosa, wala mwanachuo hakukosa. Kosa lilikuwa la chumba cha giza, na picha ile niliikuza mimi mwenyewe.

Sababu yake ni hii. Joto la Garissa ni kali, na taa ya mashine ya kukuzia huliongeza. Negativu iliyoshikwa kingoni tu, bila kubanwa kwa vioo, ikipata joto hubenuka katikati. Mimi niliilenga ikiwa bado haijapata joto, nikaimulika karatasi ikiwa imekwisha kubenuka. Safari hii niliiacha ipate joto kwanza, nikailenga upya, ndipo nikakuza. Uso wa ayeeyo ukatoka.

Je, kila ukungu ni kosa? La. Julia Margaret Cameron, mpiga picha wa Uingereza aliyefariki mwaka 1879, alilaumiwa na wahakiki wa zamani zake kwa picha zenye nyuso laini. Lakini yeye alisimamisha lenzi pale macho yake yalipoona uzuri, na leo picha zake zinahifadhiwa kwa heshima katika makumbusho makubwa. Mwaka 1932 wapiga picha wa California waliunda kundi la f/64, wakajiita kwa jina la tundu dogo kabisa la lenzi, kwa kuwa walitaka kila kitu kiwe wazi. Wote walikuwa na haki, maana wote walichagua. Ukungu uliochaguliwa ni usemi wa msanii. Ukungu uliomjia bila hiari ni ajali, na ajali haihukumiwi mpaka ichunguzwe.

Basi, msomaji kijana, utakaposoma shairi ukaliona lina giza, usiseme upesi kwamba mtunzi hakujua kazi yake. Uliza kwanza kama giza limo katika shairi, au katika chapa, au katika taa yako mwenyewe. Mimi nilichelewa kuuliza. Maneno niliyoyaandika nyuma ya picha ile niliyafuta, na alama nikairekebisha mbele ya darasa zima. Lakini ayeeyo hakuiona picha yake nzuri.