Kuusoma Mtaa Kabla ya Kulipia Nyumba

Anayetafuta nyumba ya kwanza Dar es Salaam kwa kawaida huanza na dalali, na dalali huanza na nyumba. Atakuonyesha vigae, geti na miembe ya uani, kisha atakutajia bei na kukuhimiza uwahi kwa sababu kuna mteja mwingine. Mtaa wenyewe huja mwishoni, kama jina la kujaza kwenye mkataba. Mdogo wangu na mkewe waliupindua utaratibu huo: waliuchagua mtaa kwanza, nyumba wakaitafuta baadaye. Nimeona njia yao inafaa kuchambuliwa, maana akiba ya miaka kumi haina marudio.

Walianza kwa kutenganisha mambo yanayobadilika na yasiyobadilika. Lami huja. Umeme huja, na maji ya bomba huja hata kama yatachelewa. Bonde halihami, na mstari wa hifadhi ya barabara ulioko kwenye ramani haufutiki kwa sababu wewe umeshapiga plasta. Kwenye orodha yao kulikuwa na Goba, Madale, Mbezi ya Kimara, Chanika na Kibada. Kila mtaa ulipimwa kwanza kwa yasiyobadilika, na bei ikawekwa kando kabisa. Hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwa sababu bei ikishakaa kichwani, kila kasoro ya mtaa hupata utetezi.

Kipimo cha kwanza kilikuwa maji ya mvua. Ukiwa Posta utadhani jiji hili ni tambarare, lakini upande wa magharibi ardhi inapanda kuelekea Pugu na Kisarawe, na mvua inayonyesha huko huifuata bahari kwa Mto Msimbazi na vijito vyake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 tingatinga ziliingia bondeni kubomoa nyumba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ufukwe, na mita 60 ni zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Viwanja vingi vinavyouzwa kwa bei ya kuvutia vimo ndani ya umbali huo.

Watu wakisikia bonde hufikiria Jangwani tu. Lakini Goba na Madale nako kuna makorongo ambayo kiangazi hukauka kabisa, watoto wakacheza humo, na dalali akakwambia kiwanja kina "mteremko kidogo." Wale wawili walikwenda kuyaona wakati wa masika, tena siku iliyofuata baada ya mvua kubwa. Walichagua siku hiyo kwa makusudi. Maji yakishapita huacha ushahidi ambao muuzaji hajapata muda wa kuufuta: mstari wa tope ukutani, viroba vya mchanga mlangoni, vizingiti vilivyoinuliwa kwa matofali katika nyumba zote za upande mmoja wa njia. Ukiona majirani watano wameinua vizingiti, usisubiri maelezo zaidi.

Kisha wakaenda kwenye kijiwe cha bodaboda. Hawakuuliza kama mtaa unafurika, maana kila mtu hutetea kwao. Waliuliza hivi: "Kaka, mvua ikipiga kweli, abiria wa huko ndani unamshushia wapi?" Dereva akataja kalavati, akataja kona, akaonyesha mahali ambapo pikipiki huzimika. Yeye hana kiwanja cha kuuza, na anaijua barabara hiyo usiku na mchana. Kwa majibu ya namna hiyo Goba na Madale zikafutika. Sisemi kwamba Goba yote ni mbaya, kwa kuwa juu ya vilima kuna makazi mazuri sana. Ila sehemu walizomudu wao zilikuwa chini, kandokando ya makorongo.

Kipimo cha pili ndicho ningependa kila mnunuzi akihifadhi moyoni: hifadhi za miundombinu. Mwaka 2017 zaidi ya nyumba elfu moja zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, kupisha upanuzi wa barabara. Waliobomolewa wengi walikuwa na umeme wa TANESCO, maji ya bomba na risiti za kodi ya majengo. Walivichukulia vitu hivyo kuwa uthibitisho kwamba serikali inawatambua. Lakini mita ya umeme haithibitishi umiliki wa ardhi, na risiti ya kodi haihamishi mpaka wa barabara.

Kilichowaumiza zaidi ni vipimo. Wengi tunaijua Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, iliyoongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati. Ndiyo maana kwenye kuta za barabarani kuna alama ya X nyekundu, ya aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, na X ya kijani, ya aliyekutwa na mita zilizoongezwa na ambaye anastahili fidia. Kwenye kipande kile cha Barabara ya Morogoro, hata hivyo, hifadhi iliyosimamiwa ilikuwa mita 121.5 kila upande. Mtu aliyepima mita 30 kwa hatua zake na kujiona salama alikuwa bado yuko ndani kabisa ya hifadhi. Upana unatofautiana barabara na barabara, na jibu liko kwenye ofisi ya TANROADS ya mkoa.

Kwa hiyo walikwenda TANROADS, kisha idara ya mipango miji ya manispaa kuangalia ramani. Waliuliza pia kuhusu njia kuu za umeme, reli, na bomba la gesi linaloingia Kinyerezi, maana hizo nazo zina hifadhi zake. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa walimwona, kwa heshima zote, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani ana ugomvi na nani kuhusu mpaka. Lakini hakuna muhuri wa serikali ya mtaa unaoweza kujaza nafasi ya ramani ya mipango miji. Tofauti hii haisemwi vya kutosha, na watu wazuri wanapoteza nyumba kwa kutoijua.

Ramani ndiyo iliyoitofautisha Kibada na mitaa mingine. Ni miongoni mwa maeneo ya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, pamoja na Tuangoma, Mbweni, Bunju na Buyuni. Serikali ililipa fidia, ikapima, ikatenga nafasi za barabara, shule na masoko, ndipo ikauza. Katika mtaa usiopimwa, barabara ni kile kinachobaki baada ya kila mtu kujenga ukuta wake. Siku ya moto gari la zimamoto haliingii, na siku shimo la choo likijaa gari la maji taka nalo halifiki. Mbezi ya Kimara waliipenda, ila nyumba walizomudu huko zilikuwa na leseni ya makazi tu, ambayo hudumu miaka michache na kuhuishwa, wakati hati miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Mkopo wa benki kwa ajili ya kuimalizia nyumba huwa mgumu bila hati.

Kibada nayo ilikuwa na doa. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa mji mpya Kigamboni, eneo iliko Kibada, na kwa muda shughuli za ujenzi na mauziano zikazuiwa. Mpango haukutekelezwa kama ulivyochorwa, lakini kuna wakazi waliokaa miaka bila kujua kama waendeleze au waache. Mdogo wangu alitaka kulipita hilo haraka. Shemeji alikataa, na alikuwa na haki: aliyechoshwa na mpango wa zamani anaweza kukuuzia uchovu wake pamoja na kiwanja. Ilibidi wathibitishe ofisi ya ardhi kwamba kiwanja watakachochagua hakina zuio lolote.

Safari za kila siku nilidhani ndizo zingeamua kila kitu, lakini ziliamua moja tu, Chanika. Mdogo wangu anafanya kazi Kurasini, shemeji ni muuguzi Muhimbili, na zamu hazisubiri foleni. Walisafiri kutoka kila mtaa Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa jioni, kwa daladala, si kwa gari la kuazima. Kutoka Chanika, saa nne za njiani kwa siku 22 za kazi ni saa 88 kwa mwezi, sawa na siku 11 za kazi za saa nane. Nyumba ya Chanika ilikuwa kubwa na nzuri, na wote wawili waliisikitikia. Kutoka Kibada kuna Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016 na kushukia Kurasini kwenyewe, na kuna pantoni ya Magogoni kwa siku ambazo shemeji anataka kuingia mjini moja kwa moja.

Daraja lina tozo, na wengi huiona Kigamboni ghali kwa sababu hiyo. Walichofanya wale wawili ni kuiingiza tozo na nauli kwenye bei ya nyumba. Mtaa ukikuongezea sh 2,000 kwa siku kwa siku 26, ni sh 52,000 kwa mwezi na sh 624,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya milioni 6 kwa miaka kumi. Ukiweka hesabu hiyo mbele ya kila nyumba, ile iliyoonekana rahisi mara nyingi huacha kuwa rahisi.

Maji ya matumizi waliyaweka kwenye yanayobadilika, na hapo nakubaliana nao nusu. Ni kweli Kigamboni ilitegemea visima kwa miaka mingi, vingine vikiwa na chumvi, na sasa kuna maji kutoka visima virefu vya Kimbiji. Lakini chanzo cha maji si jambo dogo la kuwekwa pembeni. Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua, mgao uliwakumba wanaotegemea Ruvu Juu na Ruvu Chini, na hao ndio wengi wa jiji hili. Mtaa wenye chanzo kingine una kinga ambayo ningeipa uzito zaidi ya walioutoa wao.

Bei ilipofunguliwa mwishoni, fedha yao ilitosha pagale huko Kibada: kuta, paa, na madirisha bila vioo. Wakafanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi. Mke wa muuzaji akasaini ridhaa mbele ya wakili, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya wanandoa kuuzwa na mmoja bila mwenzake kukubali. Mpimaji alipokizunguka kiwanja alikuta bikoni moja ya mpaka haipo, na ukuta wa jirani umeegemea upande huo. Waliandika kwenye mkataba kwamba awamu ya mwisho ya malipo itatoka baada ya muuzaji kuirudisha bikoni kwa gharama yake na jirani kuusaini mpaka, na hawakutoa shilingi hadi yote mawili yalipokamilika.