Namna ya Kuijua Mizani Njema ya Akili ya Mtoto

Mzazi aletewapo tarakimu ya akili ya mwanawe, iwe 94 au 118, aghalabu huitazama hiyo tarakimu peke yake, akafurahi au akahuzunika, ilhali mjuzi wa kazi hii hukifunua kwanza kitabu cha kipimo na kuyatafuta majedwali ya umri yaliyomo. Kwani hapo ndipo kazi njema inapopambanuka na mbovu, na tarakimu yenyewe si chochote ila jawabu la suali moja: mtoto huyu amesimama wapi miongoni mwa hirimu zake?

Kazi ya kale ilikuwa na ila yake, nayo yafaa ijulikane. Alfred Binet na Théodore Simon, waliotoa kipimo chao mjini Paris mwaka 1905, waliyapanga maswali kwa miaka katika toleo la 1908, hata mtoto aliyeyaweza yale ambayo wenye miaka minane huyaweza kwa kawaida akahesabiwa kuwa na umri wa akili wa miaka minane. William Stern wa Ujerumani akatoa rai mwaka 1912 kwamba umri huo ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, na mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akalizidisha jawabu kwa 100. Hesabu ilikuwa nyepesi, ya kupendeza, wala haikuwa na insafu. Akili haikui kwa hatua zilizo sawa mwaka hata mwaka, na hakuna atazamiaye kuwa mtu wa miaka 40 atajibu maradufu ya kijana wa miaka 20, ndipo Terman akalazimika kuukomesha umri wa watu wazima kwenye 16. Lakini ubaya mkubwa zaidi ulijificha katika mtawanyiko wa alama, yaani jinsi zinavyotapakaa kuuzunguka wastani, ambao katika toleo la 1937 la kipimo hicho cha Stanford ulikuwa kiasi cha 12 na nusu kwa watoto wa miaka 6 na kiasi cha 20 kwa wale wa miaka 12. Kwa hiyo mtoto ambaye hakupanda wala kushuka hata kidogo mbele ya wenzake angaliweza kuandikiwa 125 akiwa na sita na 140 akiwa na kumi na miwili. Ni wazazi wangapi waliosherehekea kupanda huko, Mola ndiye ajuaye.

Aliyeitengeneza mizani upya ni David Wechsler, wa hospitali ya Bellevue mjini New York, kwanza kwa watu wazima mwaka 1939, kisha kwa watoto mwaka 1949. Yeye aliuacha umri wa akili kabisa, akayalinganisha majibu ya kila mtu na ya hirimu zake tu, akaufanya wastani wa kila umri kuwa 100 na mtawanyiko wake kuwa 15, hata thuluthi mbili hivi za watu wakaangukia baina ya 85 na 115, na wapatao wawili tu katika mia wakapita 130. Kipimo cha Stanford kilifuata njia hiyo mwaka 1960, ila kwa mtawanyiko wa 16. Basi 130 ya mmoja ilikuwa 132 ya mwenziwe, na asiyeuliza ni mtawanyiko upi hajaanza kusoma.

Sasa litazame jedwali lenyewe. Mtoto mdogo hubadilika kwa miezi, si kwa miaka, na ndiyo sababu majedwali ya Wechsler kwa watoto yaliugawa umri kwa miezi minne minne. Chukua idadi moja ya majibu sahihi, uisome katika jedwali la umri mmoja, kisha katika lile linalofuata: alama ikishuka kidogo, kiungo kimeungwa vizuri, ikiporomoka ghafula, mtoto aliyepimwa siku moja baada ya kuvuka mpaka amedhulumiwa na kalenda.

Kisha uliza hao hirimu ni akina nani, na walipimwa lini. Majedwali ya 1949 yalitokana na watoto 2,200 wa Marekani, weupe watupu. Tena jedwali huchakaa: James Flynn wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, alionyesha mwaka 1984 kwamba alama za Wamarekani zilikuwa zikipanda kiasi cha tatu kila miaka kumi, kwa hiyo jedwali kuukuu humsifu mtoto kupita haki yake. Hata huku kwetu, watoto wa Embu, Kenya, waliopimwa mwaka 1998 kwa kipimo kingine, kiitwacho cha Raven, waliwapita mbali wale wa 1984.

Liko jambo moja ambalo vitabu vya ng'ambo hulipita haraka, nalo ni tarehe ya kuzaliwa. Pasipo cheti, umri hukadiriwa, na makadirio hupenda miaka mizima. Mtoto wa miaka sita akiongezewa miezi sita isiyo yake, amepimwa na waliomtangulia, na hakuna ustadi wa hesabu utakaoliponya kosa hilo.

Basi ukiletewa tarakimu isiyotaja jina la kipimo, mwaka wa jedwali, wala tarehe ya kuzaliwa iliyotumika, irudishe kwa aliyeileta, uyadai hayo matatu, na kabla hujayapata usimwambie mtoto neno.