Kupanga Njia ya Baiskeli Uluguru kwa GPS

Mji wa Morogoro uko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kinachoutazama mji kutoka kusini-mashariki, kina mita 2,138. Kati ya namba hizo mbili ndimo lilimo suala zima la kusafiri kwa baiskeli katika milima ya Uluguru. Kwenye nchi tambarare, kifaa cha GPS huulizwa kilomita ngapi zimebaki. Uluguru hilo ni swali dogo. Lililo kubwa ni mita ngapi za kupanda zimebaki, na kama njia iliyo mbele inapitika kwa magurudumu.

Hesabu ya nguvu inaonyesha sababu. Mwendeshaji akipimwa pamoja na baiskeli na maji yake, tuseme ana kilo 90. Kuupandisha uzito huo mita 800 ni kazi ya takriban kilojuli 706. Kwa nguvu ya wati 150, ambayo mtu mwenye mazoezi huimudu kwa muda mrefu, kazi hiyo peke yake huchukua dakika 78, kabla ya kuhesabu mawe, mchanga na msuguano wa tairi. Kama mita hizo 800 zimo ndani ya kilomita 10, basi kilomita 10 hizohizo za tambarare zingemalizwa kwa nusu saa. Anayepanga safari kwa kilomita tu hukutwa na giza bondeni, na katika latitudo ya nyuzi 7 kusini giza likianza kuingia halikawii.

Mahali alipo mtu kifaa hupajua kwa njia hii. Setilaiti za GPS huizunguka dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Kipokezi hupima muda ambao mawimbi yametumia njiani na kuugeuza kuwa umbali. Setilaiti tatu zingetosha laiti kipokezi kingekuwa na saa sahihi kama zile za angani. Lakini saa yake ni ya kawaida, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni sawa na kosa la mita 300. Setilaiti ya nne hutumika kuirekebisha saa hiyo. Hadi Mei 2000 Marekani iliyapunguzia usahihi kwa makusudi mawimbi ya matumizi ya kiraia. Tangu hapo, kipokezi cha kawaida kilicho mahali peupe hukosea mita chache tu.

Mabonde ya Uluguru si mahali peupe. Ukingo wa mlima huziba nusu ya anga, na setilaiti zinazobaki hujikusanya upande mmoja, hali inayodhoofisha hesabu hata kama idadi yake inatosha. Mawimbi ya msingi ya GPS yana urefu wa sentimita 19 hivi, na majani yaliyoloa huyafyonza. Mengine hugonga mwamba kwanza ndipo yafike kwenye antena, na kifaa huona umbali mrefu kuliko ulivyo. Kwa sababu hiyo kifaa kinachopokea pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China kina faida ya kweli hapa: anga ikiwa nyembamba, setilaiti nyingi humaanisha kwamba walau chache zimekaa vizuri.

Vifaa vya bei ya juu husikiliza pia masafa ya pili, ya megahezi 1176.45, yanayosaidia kuyatambua mawimbi yaliyogonga mwamba na kufuta kosa linaloletwa na tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme. Jambo la pili linaihusu Morogoro moja kwa moja, kwa kuwa ikweta ya sumaku hupita Ethiopia na kuuacha mji huu takriban nyuzi 16 kusini yake, karibu kabisa na ukanda ambako chembe hizo hujazana. Hata hivyo msukosuko wake mkubwa hutokea baada ya jua kutua, hasa karibu na Machi na Septemba, saa ambazo baiskeli nyingi zimeshaegeshwa. Masafa mawili yana thamani yake, ila anayeyalipia ajue kwamba anayalipia kwa ajili ya mabonde na miti.

Kosa la mita 5 au 10 pembeni halimpotezi mtu barabarani. Linaloumiza ni kosa la wima, na hapa ndipo kifaa kinapopaswa kuchaguliwa kwa makini zaidi. Mwinuko unaotokana na setilaiti pekee kwa kawaida hukosea mara moja na nusu hadi mbili ya kosa la mlalo, kwa kuwa setilaiti zote ziko juu ya mpokeaji na hakuna hata moja iliyo chini yake ya kusawazisha hesabu. Namba hupanda na kushuka hata baiskeli ikiwa imesimama, na kifaa kinachojumlisha kila mtikisiko huo huishia kuandika mamia ya mita ambazo hakuna aliyezipanda.

Dawa yake ni baromita ndani ya kifaa. Katika kimo cha Morogoro, mgandamizo wa hewa hupungua kwa hektopaskali 1 kwa kila mita 9 hivi za kupanda, na baromita ndogo za kisasa huhisi mabadiliko ya chini ya mita moja. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi kutofautisha mlima na hali ya hewa. Katika nchi za tropiki mgandamizo una mwendo wake wa kila siku, tena wa kuaminika kama saa: hufika juu karibu na saa 4 asubuhi na kushuka chini karibu na saa 10 jioni, kwa tofauti ya hektopaskali 3 hivi. Kifaa kilicholazwa mezani Morogoro kutwa nzima kitaona kimepanda mita 25 au zaidi. Kosa hilo ni dogo na linatabirika, kwa hiyo hupunguzwa kwa kukiwekea kifaa mwinuko unaojulikana kabla ya kuondoka na kukisahihisha tena njiani, mahali ambapo mwinuko wake umehakikiwa. Tundu la baromita nalo likizibwa na matope au tone la mvua, namba huganda au huruka. Upande wa mashariki wa Uluguru, unaopokea upepo wa Bahari ya Hindi na kunyeshewa karibu kila mwezi, tundu hilo ni la kuangaliwa kila mapumziko.

Programu za kupangia njia nazo hutaja mwinuko, lakini chanzo chake ni kingine. Nyingi hutegemea vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Endeavour kwa siku 11 za Februari 2000. Vipimo hivyo huigawa nchi katika miraba ya mita 30 hivi, na kwenye msitu mzito rada ilirudi kutoka karibu na vilele vya miti kabla ya kufika ardhini. Kwenye barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima, udhaifu huu hukua. Mteremko ukiwa wa nyuzi 30, mstari uliochorwa mita 20 pembeni mwa barabara halisi huangukia mahali palipo juu au chini kwa zaidi ya mita 11. Mstari ukiyumba huku na huku, programu huhesabu vilima ambavyo havipo. Makadirio ya kupanda yanayotolewa kabla ya safari za Uluguru yachukuliwe kama makadirio tu, na yanayotoka kwenye baromita ya mtu aliyekwisha kupita yapewe uzito zaidi.

Njia mbili zinaonyesha tofauti hiyo vizuri. Ya kwanza huiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga na kupanda Mgeta hadi Langali na Nyandira, nchi ya mboga na matunda. Umbo lake ni rahisi kusoma: inapanda. Mwinuko wa mwanzo na wa mwisho unatosha kumwambia mwendeshaji sehemu kubwa ya ukweli. Ya pili huanzia Bigwa, hupitia Kiroka, Mkuyuni na Matombo, kisha Mvuha, ikielekea Kisaki. Hii huzunguka chini ya milima upande wa mashariki, na anayetazama mwinuko wa juu kabisa wa njia atadhani ni nyepesi. Sivyo. Kila mto unaoshuka kutoka mlimani una bonde lake, na barabara hushuka na kupanda tena, mara nyingi. Jumla ya mipando midogo ndiyo inayochosha, na ni baromita yenye mpangilio mzuri tu inayoweza kuijumlisha bila kupitiwa na mipando wala kubuni mingine.

Ramani ni tatizo la aina nyingine. Ramani za karatasi za 1:50,000 zilizotolewa na serikali bado zina thamani kubwa kwa kontua zake na majina ya vijito, lakini zilichorwa kwa mfumo wa vipimo wa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84. Mtu akisoma namba za mahali kwenye karatasi na kuziingiza kwenye kifaa bila kubadili mfumo, hujikuta zaidi ya mita 200 kutoka alipokusudia. Uluguru umbali huo waweza kuwa upande wa pili wa korongo. Karibu vifaa vyote vya kushika mkononi vina mpangilio wa kubadili mfumo. Baadhi ya kompyuta ndogo za baiskeli hazina.

Ndani ya vifaa vyenyewe na kwenye simu, ramani inayotumika zaidi ni ya OpenStreetMap, mradi wa kujitolea ulioanza 2004. Maeneo ya vijijini katika ramani hiyo huchorwa zaidi kwa kufuata picha za setilaiti. Barabara ya udongo mwekundu huonekana wazi kwenye picha. Njia ya miguu chini ya migomba au ndani ya wingu haionekani. Palipochorwa njia, mara nyingi haijaelezwa kama ni ya gari, ya pikipiki au ya mtu mwenye kikapu kichwani. Programu hutafuta njia fupi, na kati ya vijiji viwili vya mlimani njia fupi huwa ya miguu, yenye ngazi za udongo ambazo baiskeli itabebwa begani. Juu zaidi kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, ambako kuingia kunahitaji kibali, na mstari wa programu hauulizi kibali.

Kwa hiyo njia huchorwa kwa mkono, kipande kwa kipande, juu ya picha ya setilaiti, na kila kipande kisichoeleweka hupelekwa kwa mtu anayekijua. Madereva wa bodaboda wanaopanda Mgeta kila siku wanajua daraja lipi limekwenda na maji na kona ipi haishikiki baada ya mvua. Taarifa hiyo haimo katika ramani yoyote, na baada ya masika ya Machi hadi Mei hubadilika. Kazi ikikamilika, faili la GPX huhifadhiwa kama nyayo zenye nukta nyingi zilizokaribiana. Likihifadhiwa kama vituo vichache, kifaa hujaza kwa hesabu zake nafasi zilizo katikati, na zile ngazi za udongo hurudi kwa mlango wa nyuma. Kwa sababu hiyohiyo, mpangilio wa kubuni njia mpya pindi mwendeshaji anapotoka kwenye mstari huzimwa. Kifaa kitoe mlio tu, kisha mtu aamue.

Baada ya hayo ndipo uchaguzi wa kifaa unapokuwa na maana. Simu janja inatosha kwa safari ya nusu siku. Kupokea setilaiti hakuhitaji bando wala mtandao, na programu kama OsmAnd na Organic Maps huhifadhi ramani nzima ndani ya simu, mradi ipakuliwe kabla ya kuondoka mjini. Bila mtandao simu inaweza kuchelewa kupata mahali mara ya kwanza, kwa kuwa inalazimika kuzisikiliza setilaiti zenyewe, ambazo huchukua sekunde 30 kutuma taarifa za mzunguko wake. Iachwe imetulia mahali peupe kabla ya safari kuanza. Udhaifu wake ni skrini inayomaliza chaji kwenye jua kali na inayokataa kidole kilicholoa. Kompyuta ya baiskeli yenye vitufe, baromita na skrini inayosomeka juani ndiyo inayofaa zaidi kwa anayesafiri mara kwa mara. Kifaa cha mkononi kinachotumia betri za AA, kama Garmin eTrex, ni kizito na cha taratibu, lakini safari ya siku nyingi kuelekea Kisaki hukipa heshima yake: betri hupatikana dukani hata pale ambapo pa kuchajia hapana.

Kihisi cha gurudumu ni nyongeza ndogo inayostahili kununuliwa. Kwenye mpando, baiskeli huenda kilomita 6 au 7 kwa saa, na mtikisiko wa GPS huongeza umbali. Kwenye kona kali za kushuka, nukta zilizoachana hukata pembe na kuupunguza. Gurudumu halina matatizo hayo. Mzunguko wake hupimwa kwa kuisukuma baiskeli mwendeshaji akiwa amekaa juu yake, tairi ikiwa na upepo wa kawaida, alama moja ya chaki hadi nyingine. Kurekodi nako kuwekwe kila sekunde moja. Ule mtindo wa kurekodi kwa nafasi huokoa kumbukumbu ambayo vifaa vya leo vinayo tele.

Safari ikiisha pale ilipoanzia, mwinuko wa kuondoka na wa kurudi hulinganishwa. Tofauti yake ni kosa la baromita la siku hiyo, na husambazwa kwenye rekodi nzima kulingana na muda. Rekodi iliyosahihishwa hivyo inaweza kuingizwa OpenStreetMap pamoja na maelezo ya uso wa njia, madaraja na vivuko, na mwezi njia ilipopitwa, kwa kuwa kivuko kikavu cha Septemba ni mto wa Aprili.