Mwinyi Hahami na Shamba

Yanis Varoufakis, Mgiriki aliyekuwa Waziri wa Fedha wa nchi yake kwa miezi michache mwaka 2015, anatangaza msiba: ubepari umekufa. Katika kitabu chake Technofeudalism (2023) anadai kwamba leo tunaishi katika ukabaila mpya. Ati masoko yamegeuka mashamba ya mabwana wachache wenye mitambo ya kompyuta, na faida imewapisha watoza kodi.

Tumpe haki yake. Kitabu kinasomeka. Amekiandika kama barua kwa marehemu baba yake, mzee aliyemwuliza mwaka 1993 kama mtandao wa kompyuta utauimarisha ubepari au utaufichua udhaifu wake. Mifano yake nayo inauma. Kijana akibuni programu na kuiuza katika duka la Apple, kampuni inaweza kukata hadi asilimia 30. Haikulima, haikupanda, lakini inavuna. Kama hiyo si kodi ya mwinyi, ni nini?

Lakini hebu tusimame hapo, ndugu msomaji. Ukabaila si neno geni kwetu. Azimio la Arusha la 1967 liliupiga vita pamoja na ubepari, na Shafi Adam Shafi alishatuonyesha sura yake katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978). Mle ndani Kijakazi anamtumikia bwana wake kwa imani yote, kama vile amezaliwa kwa kazi hiyo. Shamba, kibanda na maisha yake vyote viko chini ya mtu mmoja anayemjua kwa jina na kwa sura.

Sasa mweke pembeni yake dereva wa teksi ya mtandaoni wa Dar es Salaam. Gari pengine ni la tajiri, na jioni anadaiwa hesabu. Mafuta ananunua mwenyewe. Abiria wakikosekana, hasara ni yake. Na bwana wake? Mwaka 2022 LATRA iliweka kikomo cha asilimia 15 kwa kamisheni wanazokatwa madereva. Mwezi Aprili, Uber ikasimamisha huduma zake nchini. Ilirudi Januari 2023, baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25.

Hapo ndipo hoja ya Varoufakis inapopwaya. Mwinyi gani huyo anayefunga shamba na kuondoka nalo? Mwinyi amefungwa na ardhi yake kama mtwana alivyofungwa nayo. Anayekwenda penye maslahi, na kurudi akiahidiwa zaidi, ni bepari yule yule wa zamani, ila amejifunza kutoza kodi. Tena hata wamwinyi wetu hawakuwa peke yao: karafuu za Unguja na Pemba zilikwenda kuuzwa katika soko la dunia. Kabaila na bepari walikula sahani moja. Varoufakis anawatenganisha mno, mmoja afe ndipo mwingine azaliwe.

Kuna atakayesema huku ni kubishania majina tu, mshiko ni ule ule. Hapana bwana! Jina la ugonjwa ndilo linalochagua dawa. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Zanzibar iligawa ardhi ya makabaila, eka tatu tatu. Utagawaje eka tatu za programu ya simu? Dereva anahitaji chama chenye meno, sheria isiyotishwa na anayefunga virago, na haki ya kujua bei yake inapangwaje. Hayo ni madai ya mfanyakazi kwa bepari. Ukimwita mtwana, unamwambia asubiri mapinduzi mengine huku anakatwa kila safari.

Kisomeni kitabu hiki, kinachokoza akili. Ila nyinyi mnaoandika hadithi za mji huu, mkimwandika dereva huyo, msimpe Mwinyi Fuad awe bosi wake. Kijakazi aliweza kuliona kasri. Huyu hajui hata mlango wa kugonga.