Kitabu Chenye Kufuli

Msomaji, ungefika nyumbani kwangu Tena, mashariki ya Nairobi, ningekuonyesha nakala ya Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa mjini humu mwaka 1967. Kurasa zake zimegeuka manjano na jalada limelegea, walakini kitabu ni changu. Naweza kumwazima jirani au kumrithisha mwanangu, wala mchapishaji hana njia ya kuingia usiku akakichukua.

Sasa kitazame kitabu hicho hicho katika vazi jipya. Julai 2009, baadhi ya Wamarekani walionunua Animal Farm ya George Orwell kwa kusoma katika Kindle waliikuta imetoweka. Duka la Amazon lilitambua kuwa aliyeitoa hakuwa na haki; basi likaifuta kutoka mbali na kurudisha fedha. Mkuu wake, Jeff Bezos, aliomba radhi baadaye. Mwaka 2019 Microsoft nayo ilifunga duka lake la vitabu. Fedha zilirudishwa, lakini vitabu vikaacha kufunguka. Kumbe wanunuzi hawakupewa kitabu, walipewa ruhusa tu ya kusoma. Maandishi yalikuwa chini ya kufuli la kompyuta, na ufunguo ulibaki kwa muuzaji.

Watetezi wa kufuli hilo husema kwamba linamlinda mwandishi na wezi. Hoja hii ina uzito, maana mwandishi naye hula kwa kalamu yake. Lakini mwizi hodari hulivunja. Anayebaki nje ya mlango ni yule aliyelipa, ambaye alitaka nakala moja ya akiba tu, simu yake isije ikaharibika. Naye akijaribu kulivunja, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamkataza. Wako wachapishaji, kama Tor wa Marekani, ambao tangu 2012 huuza vitabu bila kufuli, na biashara yao haikufa.

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Nami naongeza kuwa akiba iliyo katika ghala la mwingine si akiba yako. Basi, kabla hujatoa shilingi yako, uliza kama utaruhusiwa kuweka nakala mahali pako mwenyewe. Ukiruhusiwa, weka mbili, mahali pawili, wala usizigawe ovyo ukamnyima mwandishi haki yake. Usiporuhusiwa, jua kwamba umekodi. Na bei ya kukodi haifai kuwa sawa na bei ya kununua.