Jina na Mlio: Gitaa la Radim Hladík

Yasemwa mara nyingi kwamba muziki usio na maneno hausemi neno. Maisha ya Radim Hladík (1946–2016), mpiga gitaa la umeme wa Prague, yatupa sababu ya kuipima kauli hiyo. Baada ya kupiga katika The Matadors, alikuwa miongoni mwa waasisi wa bendi ya Blue Effect mwaka 1968, mwaka ule ule majeshi ya Kisovieti na washirika wake yalipoivamia Chekoslovakia. Udhibiti ulipokaza, majina ya Kiingereza hayakuvumiliwa. Bendi ikaitwa Modrý efekt, yaani jina lile lile kwa Kicheki, kisha M. Efekt.

Walakini gitaa halikuhitaji mkalimani. Katika Nová syntéza, santuri ya mwaka 1971 iliyopigwa pamoja na okestra ya jazi ya redio, hapana mwimbaji. Nyuzi ndizo zibebazo hoja.

Hata hivyo, si kila ukimya ni uasi, wala haimpasi mhakiki kumtwika msanii nia asiyoitamka. Nishikilialo ni dogo: wino ufutao jina haufuti mlio. Yatupasa kusikiliza kwanza, ndipo tufasiri.